Kidonge cha Dola 750 na Rekodi Nyingine za Soko la Tiba Marekani

Mama mjamzito anayehudhuria kliniki Tanzania au Kenya anavijua vidonge vya SP. Nesi humpa vitatu kwa mkupuo, humwekea kikombe cha maji, na haondoki mpaka vimemezwa. Bei hakuna anayeiuliza. Ndani ya kila kidonge kuna sulfadoksini miligramu 500 na pirimethamini miligramu 25. Iweke akilini hiyo 25, tutaikuta ng'ambo sasa hivi.

Marekani ndiyo nchi inayotumia fedha nyingi kuliko zote duniani kwa ajili ya tiba. Mwaka 2023 ilitumia dola trilioni 4.9, yaani asilimia 17.6 ya pato lake lote, wastani wa dola 14,570 kwa kila mtu, mzima na mgonjwa. Nchi ya namna hiyo lazima ivunje rekodi nyingi, na nyingine hazipendezi kutajwa mezani.

Kidonge cha zamani, bei ya ajabu

Daraprim ni pirimethamini miligramu 25, ile ile ya mama wa kliniki, ila bila sulfadoksini. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1953 na hataza yake ilikwisha zamani. Huko hutibu toksoplasmosisi, ugonjwa unaowaandama hasa watu ambao kinga yao imeshuka, wakiwamo wanaoishi na VVU. Mwaka 2015 kampuni ya Turing, chini ya kijana aitwaye Martin Shkreli, ilinunua haki ya kuiuza. Bei ikaruka kutoka dola 13.50 kwa kidonge hadi dola 750. Kiwanda hakikubadilishwa, dawa haikuboreshwa.

Wamarekani walimchukia Shkreli kwa lile tabasamu lake mbele ya Bunge. Nadhani walitazama uso wakati uchawi ulikuwa ghalani. Dawa isiyo na hataza inaweza kunakiliwa na kiwanda chochote, lakini anayenakili lazima kwanza apate vidonge vya asili, avilinganishe na vyake, na aithibitishie mamlaka ya dawa kwamba vinafanya kazi sawasawa. Turing ikafunga njia hiyo. Daraprim ilipita kwa wasambazaji wachache waliobanwa na mikataba wasimuuzie mshindani, na wenye malighafi nao wakabanwa. Kwa hiyo kidonge cha umri wa babu kikawa na mwuzaji mmoja tu.

Tume ya Shirikisho ya Biashara (FTC) pamoja na majimbo kadhaa iliishtaki kampuni mwaka 2020, na Januari 2022 Jaji Denise Cote akamwamuru Shkreli alipe dola milioni 64.6 na asikanyage tena katika biashara ya dawa maisha yake yote. Kifungo cha jela alichotumikia kilikuwa cha kesi nyingine, ya kuwalaghai wawekezaji. Kupandisha bei peke yake huko si kosa.

Kuhusu bei kubwa kwa namba tupu, Lenmeldy ilipoingia sokoni Machi 2024 ilitangazwa kwa dola milioni 4.25, ikavunja rekodi ya tiba nyingine, Hemgenix, ya dola milioni 3.5. Lenmeldy ni tiba ya jeni inayotolewa mara moja kwa watoto wenye ugonjwa adimu unaoharibu ubongo. Bei hiyo inatisha, lakini ni ya kitu kipya. Ya Daraprim ndiyo inayonikera zaidi.

Harusi zilizokatazwa, harusi zilizopita

Mwaka 2015 kampuni kubwa za bima ziliposana. Anthem ilitaka kuiunganisha Cigna kwa dola bilioni 54, na Aetna ikaitaka Humana kwa dola bilioni 37. Wizara ya Sheria ikaenda mahakamani, na mwanzoni mwa 2017 majaji wakazizuia ndoa zote mbili. Hoja ilikuwa nyepesi kueleweka: wauzaji wa bima wakipungua, mnunuzi hana pa kukimbilia.

Ndipo wachumba waliokataliwa walipogeukia kwingine. Aetna ikaolewa na CVS, mwenye maduka ya dawa kila kona, kwa takriban dola bilioni 69. Cigna ikamchukua dalali wa dawa, Express Scripts, kwa dola bilioni 67. Zote zikapita mwaka 2018. Sheria ya ushindani ina jicho kali kwa bima inayonunua bima mwenzake, ila bima ikinunua duka la dawa au dalali wa dawa, jicho hilo husinzia. Leo madalali watatu, CVS Caremark, Express Scripts na Optum Rx, wanapitisha karibu asilimia 80 ya dawa zote zinazoandikwa na madaktari Marekani, na kila mmoja yuko chini ya paa moja na kampuni ya bima.

Uvujaji mkubwa kuliko wote

Huyo Optum ni mtoto wa UnitedHealth. Mwaka 2021 mzazi alitaka kununua Change Healthcare, kampuni ambayo msomaji wa kawaida hajapata kuisikia. Kazi yake ni kukaa katikati: daktari anapeleka dai, Change inalipeleka kwa bima, jibu linarudi. Miamala bilioni 15 kwa mwaka. Wizara ya Sheria ilipinga, ikisema kampuni ya bima haifai kuwa na dirisha la kuchungulia madai ya washindani wake. Septemba 2022 Jaji Carl Nichols akaipa UnitedHealth ushindi.

Februari 2024 wadukuzi wakaingia Change kupitia mlango mmoja wa mtandao uliotumia nywila peke yake, bila hatua ya pili ya kumtambua anayeingia. Mfumo ukazimwa. Maduka ya dawa yakashindwa kujua bima ya mteja italipa kiasi gani, na zahanati zikakaa wiki kadhaa bila malipo. Mwezi Mei mkuu wa UnitedHealth, Andrew Witty, alikiri mbele ya Seneti kwamba kampuni iliwalipa wadukuzi kikomboo cha dola milioni 22. Taarifa za watu takriban milioni 190 ziliguswa, na rekodi ya awali ya uvujaji wa taarifa za afya, watu karibu milioni 79, ilikuwa ya Anthem, yule yule mchumba wa Cigna.

Kilichonishika si hizo milioni. UnitedHealth iliwakopesha fedha wale wale waliokwamishwa na mfumo wake. Na Machi 2024 jimbo la Oregon liliruhusu kwa dharura Optum, yenye madaktari takriban 90,000 iliowaajiri au walio chini ya mwavuli wake, kuinunua The Corvallis Clinic iliyokuwa imekaukiwa fedha.

Serikali iliyozoea kushindwa

Katika miaka ya 1990 serikali ilikwenda mahakamani kuzuia hospitali zisiungane, ikapoteza kesi saba mfululizo. Kule Grand Rapids, Michigan, mwaka 1996, jaji aliamini kwamba hospitali isiyo ya faida haitawakamua watu wake, kwa kuwa bodi yake imejaa wenyeji. FTC ikarudi nyuma kuchunguza bei baada ya hospitali kuungana, ikakuta zimepanda. Mwaka 2007 ilitoa uamuzi kwamba muungano wa Evanston na Highland Park, karibu na Chicago, uliofungwa mwaka 2000, ulikuwa haramu. Lakini miaka saba ilikuwa imepita, kuzitenganisha kukaonekana kugumu, ikaamriwa ziwe na timu mbili tofauti za kujadili bei. Mke na mume wanaagizwa kila mmoja ajadili kodi ya nyumba kivyake.

Ushindi mkavu kuliko wote uko Albany, Georgia. Hospitali ya Phoebe Putney ilimnunua mshindani wake pekee mjini, hospitali ya Palmyra. FTC ilifika Mahakama ya Juu na mwaka 2013 ikashinda kwa sauti moja. Hospitali hazikutenganishwa. Sheria ya jimbo inayodai kibali cha kuanzisha hospitali ndiyo iliyozuia.

Kampuni ya hospitali ya Steward nayo ina rekodi yake. Mwaka 2016 iliuza majengo ya hospitali zake kwa dola bilioni 1.25 ikawa mpangaji ndani ya nyumba zake yenyewe. Mei 2024 ikafilisika, hospitali mbili za Massachusetts zikafungwa, na mkuu wake, Ralph de la Torre, alipokataa wito wa Seneti, Seneti nzima ikampitishia azimio la kosa la kudharau Bunge, la kwanza la aina yake tangu 1971.

Barua isiyo bili

Huku kwetu Tanzania NHIF, mfuko wa taifa wa bima ya afya, ikigusa kitita cha mafao, nchi nzima inajua bei imekuwaje. Binamu yangu anaishi Ohio. Baada ya mwanawe kushonwa kidevu, alinipigia simu ya video akanishikia barua ya bima mbele ya kamera: safu ya kwanza bei ya hospitali, ya pili punguzo, ya tatu walicholipa wao, ya nne "unachoweza kudaiwa". Juu kabisa, kwa herufi nene, imeandikwa kwamba hii si bili. Bili ilikuja wiki tano baadaye, kwa kiasi kingine. Amezibana pamoja kwa klipu, zinaning'inia kwenye friji karibu na ratiba ya mpira ya mtoto.