PAKA AKIMEZA SINDANO, USIVUTE UZI

Jioni imeingia katika nyumba ya fundi cherehani mmoja mtaani Buyenzi, mjini Bujumbura. Kazi ya siku imekwisha, vitambaa vimekunjwa, na mama mwenye nyumba anarudisha sindano zake mkebeni. Asubuhi zilikuwa sita. Sasa anahesabu tano. Ile ya sita alikuwa ameitunga uzi mwekundu wa kushonea pindo, akaiacha juu ya meza alipokwenda kuepua chungu. Chini ya meza hiyo paka wa nyumbani amejikunyata. Anameza mate mara kwa mara na kujipangusa mdomo kwa mguu wa mbele. Binti mkubwa anainama kumtazama, na pembeni mwa kinywa anaona kipande cha uzi mwekundu. Ananyosha mkono ili auvute.

"Mwanangu, usiuguse!" mama anamkataza.

Jioni ya namna hii yaweza kuikuta nyumba yoyote yenye mshono na paka. Wala si jambo dogo. Paka hafugwi kwa mapambo tu. Paka akiondoka, panya hutawala. Gunia la mchele, maharagwe ya akiba na vitambaa vya wateja hulindwa na macho yake ya usiku. Tena watoto humpenda kama mmoja wao. Basi inafaa kila nyumba ijue kwa nini mama yule alimzuia bintiye.

Kwanza na tuutazame ulimi wa paka. Umejaa vijimiba vigumu vilivyoelekea nyuma, upande wa koo. Vijimiba hivyo humsaidia kuchana manyoya yake na kukwangua nyama mfupani. Lakini uzi ukinasa juu yake, paka hawezi kuutema kwa urahisi. Kila aulambapo, huzidi kuingia ndani, na sindano iliyotungwa huufuata. Paka wadogo wapendao michezo ndio wapatwao zaidi na msiba huu.

Watu wengi huiogopa sindano na kuusahau uzi. Ni kweli kwamba sindano yaweza kuchoma koo au utumbo, na kila sindano iliyomezwa ni jambo la daktari. Hata hivyo, kitu kidogo kilichomezwa mara nyingine hupita chenyewe na kutoka pamoja na kinyesi baada ya siku chache. Uzi ndio wenye hila. Ncha yake moja huweza kuzunguka shina la ulimi, au kukwama mahali tumbo linapoungana na utumbo, na sehemu iliyobaki ikateremka chini.

Fundi cherehani atalielewa jambo hili upesi kuliko mtu mwingine. Anapotaka kutia marinda, hushona mshono mlegevu, akashika ncha ya uzi na kukisukuma kitambaa. Kitambaa hujikunja na kujibana juu ya uzi. Ndivyo uwavyo utumbo wa paka. Kwa desturi yake utumbo hujikamua ili kusukuma chakula mbele; ukiukuta uzi uliofungwa upande mmoja, huupanda uzi huo na kujikunja marinda. Baadaye uzi hukaza na kuukata ukuta wa utumbo kama msumeno. Uchafu humwagika tumboni, na hapo maisha ya paka yamo hatarini kabisa.

Kwa hiyo, avutaye uzi unaoonekana kinywani au nyuma ya paka huenda akayakaza marinda hayo kwa mkono wake mwenyewe, au akaizamisha sindano katika nyama ya koo. Uachwe ulivyo mpaka daktari wa mifugo auone.

Kuna misaada mingine ambayo ni madhara matupu. Paka asilazimishwe kutapika. Sindano iliyoshuka yaweza kuchoma inaporudi juu. Asinyweshwe maji ya chumvi, kwa maana chumvi nyingi ni sumu kwake. Asinyweshwe mafuta kwa nguvu, maana yaweza kuingia mapafuni. Zaidi ya yote, asipewe vidonge vya maumivu vya binadamu. Ini la paka haliwezi kuivunja dawa ya parasetamoli kama ini la mtu, na hata kidonge kimoja chaweza kumwua. Tena asipewe chakula kabla ya kuonwa na daktari, kwani huenda akahitaji nusukaputi.

Pengine hakuna aliyemwona paka akimeza. Hapo sindano itafutwe kwanza, na sumaku ipitishwe sakafuni, mkekani na katika vitambaa. Isipopatikana, au paka akionyesha dalili, asisubiriwe. Dalili zenyewe ni kutapika mara kwa mara, kukataa chakula, kutokwa na mate mengi, kujificha, kujikunja kwa maumivu ya tumbo, na kukosa choo. Huenda zikaonekana siku ile ile, au zikachelewa. Paka asiyekula kwa siku kadhaa hupatwa na hatari nyingine, kwani mafuta hujaa katika ini lake na kulidhoofisha.

Penye mashine ya eksirei, daktari aweza kuitafuta sindano bila kisu. Mionzi hiyo iligunduliwa mwaka 1895 na Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen, na katika picha yake mashuhuri ya mkono wa mkewe, pete ilionekana wazi kidoleni pamoja na mifupa. Sindano ya chuma nayo huonekana vivyo hivyo. Lakini uzi wa pamba hauonekani. Ndiyo sababu mwenye paka hana budi kumweleza daktari kwamba sindano ilikuwa na uzi, tena wa urefu gani. Neno hilo moja laweza kuokoa saa nyingi.

Turudi Buyenzi. Mama amemweka paka ndani ya kikapu, amekifunika kwa kanga, na kumpeleka kwa daktari wa mifugo kabla usiku haujawa mkubwa. Daktari anamlaza kwa dawa, anafungua kinywa, na chini ya ulimi anaukuta uzi umejizungusha. Sindano imekwama kooni. Anaukata uzi, anaitoa sindano kwa koleo dogo, na kazi imekwisha. Kama uzi ungalivutwa nyumbani, au paka angaliachwa siku tatu, huenda ingalibidi kumpasua tumbo, na huenda asingalipona.

Asubuhi yake mkebe wa sindano umepata kifuniko, na juu yake imeandikwa hesabu: 6. Sindano huhesabiwa kazi ianzapo na imalizikapo. Vipande vya nyuzi hufagiwa papo hapo. Na watoto wameambiwa wasimchezeshe paka kwa uzi. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Katika nyumba ya mshonaji, daftari hilo humlinda paka, na humlinda pia mtoto atambaaye sakafuni.