Miche ikipukutisha majani: chunguza kabla ya kumlaumu aliyekuuzia

Na Mwandishi Wetu, BUSIA

Fikasi niliyoinunua kando ya barabara ya Tororo ilikuwa na majani kuanzia chini hadi kileleni. Niliibeba kwa bodaboda mpaka Busia, upande wa Uganda, nikaiweka kwenye kona ya sebule, mbali na dirisha. Siku ya nne nikakuta majani sakafuni, mengi yakiwa bado ya kijani. Nikamwagilia maji. Yakazidi kuanguka. Nikamwagilia tena. Wiki ya pili mti ulibaki kama fimbo, nami nilikuwa tayari kumpigia simu mama aliyeniuzia nimdai pesa zangu.

Kabla sijapiga, niliutoa mti kwenye chungu. Udongo ulikuwa tope, na mizizi ya chini ilikuwa ya kahawia, laini, yenye harufu mbaya. Muuzaji hakuwa na kosa. Niliuchosha mti njiani, kisha nikauzamisha nyumbani.

Hasara yangu ilikuwa chungu kimoja. Kwa anayevusha miche kwa biashara, huo ni mtaji. Tuseme umenunua miche 20 kwa Sh300 za Kenya kila mmoja, ukalipa Sh600 za usafiri. Umetumia Sh6,600. Ukiuza kila mche Sh450, unapata Sh9,000. Lakini wateja sita wakirudisha miche iliyopukutika, umebaki na mauzo ya miche 14, yaani Sh6,300. Umefanya kazi siku nzima na umepoteza Sh300.

Kwa nini mti huangusha majani

Mti hauangushi majani ovyo. Mwanga ukipungua ghafla, au mizizi ikishindwa kuleta maji ya kutosha, mti hukata kikonyo cha jani ili upunguze mzigo. Fikasi yenye majani madogo yanayong'aa, ambayo wataalamu huiita Ficus benjamina, inajulikana kwa jambo hili. Huchukia kuhamishwa. Ikitoka kwenye jua la kitalu ikaingia chumba chenye kiza, hupukutisha majani hata kama haina ugonjwa wowote.

Safari nayo ina yake. Bodaboda, usafiri uliopata jina lake hapa hapa mpakani enzi za baiskeli za kuvusha watu, hupiga mche upepo ambao hukausha majani kuliko mizizi inavyoweza kuyanywesha. Lori lililofunikwa turubai huzuia upepo huo, lakini likisimama juani kwenye foleni hugeuka tanuri.

Kuna kosa jingine ambalo wengi hawalijui: kupakia miche pamoja na matunda yanayoiva. Ndizi, maembe na maparachichi yakiiva hutoa gesi ya ethilini. Gesi hiyo huivisha matunda, na pia huamrisha majani kuachia tawi. Mche ukilala usiku mmoja kwenye gari lililofungwa pamoja na ndizi mbivu, unaweza kufika ukiwa salama kwa macho, kisha ukapukutika baada ya mteja kuupeleka nyumbani.

Soma dalili

Anza na udongo. Ingiza kidole hadi pingili ya pili. Ukikuta tope ilhali majani ya chini yanageuka njano na kuanguka, maji yamezidi. Utoe mche kwenye chungu: mizizi mizima huwa migumu, mara nyingi myeupe au ya rangi hafifu, iliyooza ni laini na inanuka. Kata iliyooza, badilisha udongo, na hakikisha chungu kina matundu chini. Udongo wa mfinyanzi uchanganye na mchanga wa chembe kubwa ili maji yapite.

Kidole kikikuta ukavu, na majani yana kingo zilizokauka zinazovunjika, mche una kiu. Mwagilia mpaka maji yatoke chini, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani.

Udongo ukiwa na unyevu wa wastani, nayo majani yanaanguka yakiwa ya kijani, kumbuka safari na mahali ulipouweka. Huo ni mshtuko. Uweke penye mwanga wa kutosha usio wa jua kali, na usiuhamishe tena.

Halafu geuza jani. Likiwa na utando mwembamba na madoa meupe, shuku utitiri, hasa wakati wa kiangazi. Kung'uta tawi juu ya karatasi nyeupe. Vidoa vikitembea, umewapata. Majani yakinata, tafuta vidugamba au vidukari. Tenga mche huo na wenzake na uoshe majani, hasa upande wa chini, kwa maji yenye sabuni kidogo.

Mti uliobaki vijiti usiutupe upesi. Kwaruza gome kwa ukucha, ukianzia juu kushuka. Ukikuta kijani chini ya gome, mti ungali hai. Upe maji kidogo na muda wa wiki kadhaa. Usiwahi kuutilia mbolea. Mizizi iliyochoka haiwezi kuitumia, na chumvi zake huiunguza.

Kinga ni kabla ya kupakia

Muulize mwenye kitalu kama miche imezoeshwa kivuli. Ile ya kupambia nyumba inafaa ikae chini ya neti ya kivuli kwa wiki kadhaa kabla ya kuuzwa. Mwagilia jioni ya kabla ya safari, si dakika ya kuondoka. Safiri alfajiri, funga matawi kwa gazeti au gunia jepesi, na tenganisha miche na matunda.

Forodhani napo pana la kuzingatia. Utaratibu rahisi wa biashara ndogo, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000 za Marekani, hauondoi ukaguzi wa afya ya mimea. Anayeingiza miche Kenya anahitaji kibali cha KEPHIS kabla ya kununua, pamoja na cheti cha afya ya mimea kutoka wizara ya kilimo ya Uganda. Wakaguzi wana sababu. Udongo wa chungu huweza kubeba minyoo fundo, na mche wa mchungwa huweza kubeba ugonjwa wa kijani wa michungwa, ambao hauna tiba. Majani ya mchungwa yakiwa na mabaka ya njano yasiyolingana pande mbili za jani, usiuvushe. Mwite ofisa wa kilimo.

Mwisho, kubalianeni mapema. Mwambie mteja wazi kwamba mche unaweza kuacha majani kiasi katika wiki za mwanzo, mwonyeshe namna ya kupima udongo kwa kidole, na mpatane ni hali gani utapokea mche uliorudishwa. Maelezo hayo ya dakika mbili yangeniokoa mimi, na yangemwepusha mama yule na simu ambayo nusura nimpigie.

Fikasi yangu sasa iko karibu na dirisha. Imechipua kuanzia katikati ya shina.