Kuikamata Tezi Ikiwa Kazini

Juu ya kila figo imekaa tezi ndogo ya adrenali, nayo ikiharibika inaweza kumpandishia mtu presha isiyosikia dawa. Jerome Conn wa Chuo Kikuu cha Michigan alieleza mwaka 1955 jinsi uvimbe mdogo wa tezi hiyo unavyomwaga aldosteroni kupita kiasi, figo zikashikilia chumvi. Uvimbe ukiwa upande mmoja, daktari hupasua na kuiondoa tezi hiyo. Lakini upande upi? Picha ya CT huonyesha umbo tu, na watu wazima wengi wana vivimbe vya adrenali visivyodhuru. Kinachoonekana huenda si mkosaji. Inayofaa ni picha ya tezi ikiwa kazini.

Hapo hapo Michigan, William Beierwaltes na wenzake walianzia kwenye malighafi. Adrenali hutengeneza homoni zake kwa kolesteroli, basi wakaipachika kolesteroli iodini yenye mionzi. Ilifika, ila mgonjwa alisubiri siku kadhaa ndipo picha itakate. Njia nyingine ilitokana na madhara ya dawa ya usingizi, etomideti. Mwaka 1983 madaktari wa Glasgow waliripoti kwamba majeruhi mahututi waliolazwa usingizi kwa dawa hiyo walikufa zaidi. Ikabainika kuwa inang'ang'ania vimeng'enya vya adrenali na kuzima homoni. Sumu kwa mahututi, lakini kwa mpiga picha ni sifa! Huko Uppsala, Uswidi, ndugu yake metomideti ikawekewa kaboni-11, yenye mionzi pia.

Wapo watakaouliza kwa nini tuhangaike, ilhali damu huweza kuchotwa kwa mrija kutoka mshipa wa kila tezi. Kipimo hicho ni kizuri kikifanikiwa, ila mshipa wa kulia ni mfupi na hukoseka kirahisi hata kwa mikono mizoefu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2023, wenye wagonjwa 143, ulikuta picha ya metomideti haizidiwi na mrija. Pingamizi zito zaidi ni la muda: kaboni-11 hupungua kwa nusu kila dakika 20, hivyo baada ya saa moja imebaki sehemu moja ya nane, na hospitali isiyo na mtambo wa kuitengeneza jirani haina lake. Tena metomideti hushika pia kimeng'enya cha kotisoli, homoni nyingine ya tezi hiyo, ndiyo maana mgonjwa hutangulizwa deksamethasoni, dawa ya kukituliza. Kwa hiyo wanakemia wamegeukia florini-18, ambayo hupungua kwa nusu kila dakika 110, muda unaotosha kuisafirisha hadi hospitali nyingine mjini, na wanatafuta molekuli inayochagua kimeng'enya cha aldosteroni peke yake.