Kometi Iliyorudi kwa Miadi

Usiku wa Krismasi wa mwaka 1758, mkulima mmoja wa Saxony, Ujerumani, aliona kwa darubini yake doa hafifu la mwanga ambalo wanafalaki wakubwa wa Ulaya walikuwa wakilisaka kwa miezi kadhaa. Aliitwa Johann Georg Palitzsch, na elimu ya falaki alikuwa amejifunza mwenyewe. Doa lile lilikuwa nyota yenye mkia, yaani kometi, na mtu aliyetabiri kurudi kwake, Mwingereza Edmond Halley, alikuwa amefariki tangu 1742. Tunapoelezwa jinsi sayansi ilivyoibadili Ulaya, kwa kawaida tunasimuliwa habari za Copernicus, ambaye kitabu chake cha 1543 kiliiondoa dunia katikati ya ulimwengu, na za Galileo, aliyetangaza mwaka 1610 kwamba sayari ya Mshtarii ina miezi yake. Habari hizo ni za kweli, lakini zinaacha swali bila jibu. Kitabu cha Kilatini chenye hesabu ngumu kilisomwa na wachache, na mkulima wa kawaida aliendelea kuliona jua likichomoza na kutua kama kawaida yake. Kwa maoni yangu, uvumbuzi ulianza kuigeuza jamii pale ulipotoa ahadi yenye tarehe, ambayo hata mkulima angeweza kuihakiki.

Ili kuelewa uzito wa jambo hilo, tutazame kometi zilivyochukuliwa kabla yake. Katika kitambaa maarufu cha Bayeux, kinachosimulia vita vya 1066 vilivyoiangusha Uingereza mikononi mwa Wanormani, watu wameshonwa wakiinyooshea vidole nyota yenye mkia, na kando yao mfalme Harold yumo mashakani. Kwa karne nyingi baadaye, mimbari za Wakatoliki na za Waprotestanti zilihubiri kwamba kometi ni fimbo ya Mungu. Nguvu ya mafundisho hayo ni kwamba hayakuweza kamwe kushindwa. Vita vikizuka ndani ya mwaka mmoja au mitatu, kometi ilikuwa imevileta. Visipozuka, ilikuja tauni, au mfalme fulani alifariki, na katika bara lenye wafalme wengi hakukosekana wa kufa. Balaa lisipotokea kabisa, ilisemwa kwamba toba za watu zimekubaliwa. Mwenye kufasiri alikuwa sahihi siku zote, na kwa sababu hiyo mamlaka yake hayakuhojiwa. Hata vipimo vya Tycho Brahe wa Denmark, vilivyoonyesha kwamba kometi ya 1577 ilikuwa mbali kuliko mwezi na kwa hiyo haikuwa mvuke wa karibu na dunia kama Aristotle alivyofundisha, havikuzima hofu.

Halley alifanya jambo la namna nyingine. Akitumia kanuni za uvutano ambazo Isaac Newton alizichapisha mwaka 1687, alikokotoa njia za kometi 24 zilizokuwa na kumbukumbu za kuaminika, na mwaka 1705 akachapisha matokeo. Tatu kati ya kometi hizo, ya 1531, ya 1607 na ya 1682, zilipita karibu katika njia ileile, tena zikienda kinyume na mwelekeo wa sayari. Alihitimisha kwamba hazikuwa tatu bali moja inayorudi, na kwamba ingeonekana tena mwaka 1758 au karibu na hapo. Muda ulipokaribia, Wafaransa watatu, Alexis Clairaut, Jérôme Lalande na mwanamke aliyebobea katika hesabu, Nicole-Reine Lepaute, waliketi miezi kadhaa wakikokotoa kiasi ambacho sayari za Mshtarii na Zohali zingeivuta kometi njiani. Walipata kwamba itachelewa siku 618, na mnamo Novemba 1758 Clairaut akatangaza kwamba itafika karibu zaidi na jua katikati ya Aprili 1759, huku akionya kwamba huenda akakosea kwa mwezi mmoja. Ilifika tarehe 13 Machi. Kosa lenyewe lilikuwa na somo: hapa walikuwapo wataalamu waliotaja mapema siku ya tukio pamoja na kiasi wanachoweza kukosea, wakakubali kuaibika mbele ya Ulaya nzima iwapo mbingu zingewakana.

Desturi hiyo haikuishia angani, bali iligusa pia maisha ya watu. Mchungaji Caspar Neumann wa mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, alikusanya takwimu za vizazi na vifo, na miongoni mwa aliyotaka kuyachunguza ilikuwa imani kwamba miaka ya umri inayogawanyika kwa saba ni ya nuksi. Takwimu zake zilimfikia Halley, ambaye mwaka 1693 alitengeneza jedwali la kuonyesha ni wangapi huendelea kuwa hai kwa kila umri. Wakati huo serikali ya Uingereza ilikuwa ikiuza haki ya kulipwa kila mwaka hadi kifo kwa bei moja, awe mnunuzi ni kijana au mzee, na Halley alionyesha kwamba bei hiyo haina mantiki. Mwaka 1762 ilianzishwa jijini London kampuni ya bima ya maisha iliyotoza watu kulingana na umri wao. Kifo cha mtu mmoja kilibaki siri ya Mungu, lakini vifo vya elfu sasa vilikuwa na hesabu, na mjane angeweza kulindwa kwa hesabu hiyo.

Wapo watakaosema kwamba kilichoibadili Ulaya ni mitambo ya uchapaji, biashara na mageuzi ya dini. Hivyo vyote vilichangia, ila mitambo hiyohiyo ilichapa pia vijitabu chungu nzima vya kutisha watu kuhusu kometi. Mashine ilisambaza chochote ilichopewa, na haikumfundisha msomaji kupambanua. Wengine watasema elimu hiyo haikuwa ya Ulaya peke yake, na wana haki. Copernicus alitumia vipimo vya al-Battani, mwanafalaki wa ulimwengu wa Kiislamu, na Halley mwenyewe alijifunza Kiarabu ili atafsiri kazi ya Apollonius, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, iliyokuwa imepotea katika Kigiriki. Wala halikuwa pambano la sayansi na dini, maana Newton alikuwa mcha Mungu, na Halley aliwahi kudhani kwamba gharika ya Nuhu ilisababishwa na kometi. Hofu nayo haikwisha: mwaka 1773 uvumi kwamba Lalande ametabiri kometi kuigonga dunia ulizua taharuki Paris. Kilichobadilika ni kwamba sasa palikuwa na njia ya kuupima uvumi.

Pingamizi lililo zito zaidi linatugusa sisi Waafrika moja kwa moja. Mwaka uleule wa 1758, msomi wa Sweden, Carl Linnaeus, alichapisha toleo la kumi la kitabu chake cha kuainisha viumbe. Humo aliwagawa binadamu kwa mabara na rangi, akaandika kwamba Mzungu huongozwa na sheria, na Mwafrika ni mvivu, mjanja, anayefuata matakwa ya moyo wake. Maneno hayo yalivaa joho la sayansi, na madai ya aina hiyo yalikuja kutumika kutetea utumwa na ukoloni. Je, hayaivunji hoja yangu? Naona yanaithibitisha. Linnaeus hakutaja kipimo chochote ambacho kingeweza kumwonyesha kwamba amekosea. Alifasiri watu kama wahubiri walivyofasiri kometi, na ufasiri wake ukawa sahihi siku zote machoni pa walionufaika nao.

Kwa hiyo, msomaji, joho la mtaalamu lisikutoshe. Anayekuletea utabiri wa uchumi, tiba ya kila ugonjwa au nadharia kuhusu kabila fulani, muulize jambo litatokea lini, na tutajuaje kama amekosea. Asipokuwa na jibu, usimpe pesa zako wala kura yako.