Krosova amilifu: Kwa nini spika moja ya nyumbani huhitaji amplifaya zaidi ya moja?

Mwaka 1978 kampuni changa ya Genelec, katika mji wa Iisalmi nchini Finland, ilianza kutengeneza spika iliyoitwa S30. Spika hiyo ilibuniwa kutokana na mahitaji ya Yleisradio, shirika la utangazaji la umma la nchi hiyo, lililotafuta spika za kuaminika kwa ajili ya studio zake. Ndani ya kila sanduku mlikuwa na amplifaya za vipaza vyake, na kabla ya amplifaya hizo iliwekwa saketi ya kugawa sauti.

Mpangilio huo huitwa krosova amilifu. Kwa miongo mingi ulibaki zaidi mikononi mwa mafundi wa studio na wa majukwaa ya muziki, huku wapenzi wa muziki majumbani wakiendelea kutumia amplifaya moja na jozi ya spika za kawaida. Hata hivyo, chipu za kidijitali zimepunguza gharama ya kugawa sauti, na sasa mpangilio huo umeingia sebuleni. Anayetaka kuununua au kuujenga anakabiliwa na maswali mawili: faida yake ni ipi hasa, na ni nini kinachoweza kuharibika?

Kwa nini sauti igawanywe?

Sikio la kijana mwenye afya njema husikia masafa ya kuanzia takriban hezi 20 hadi hezi 20,000. Wimbi la hezi 20 lina urefu wa mita 17 hivi hewani. La hezi 20,000 halifikii hata sentimita 2. Ni vigumu mno kwa kipaza kimoja kutoa vyema mawimbi yaliyotofautiana kwa kiasi hicho. Besi huhitaji kiwambo kipana kinachosukuma hewa nyingi, ilhali sauti nyembamba huhitaji kiwambo kidogo na chepesi kinachotikisika kwa kasi kubwa.

Kwa sababu hiyo, spika nyingi za muziki huwa na vipaza viwili au zaidi: wufa kwa ajili ya sauti nzito na twita kwa ajili ya sauti nyembamba, na pengine cha tatu cha sauti za kati. Krosova ndiyo inayoamua kipi kipewe nini. Kazi yake inafanana na ya chekeche: hupitisha masafa yanayotakiwa na kuzuia yaliyosalia.

Tofauti iko mahali pa kugawia

Katika spika za kawaida, amplifaya hukuza muziki wote kwanza, kisha umeme uliokwisha kukuzwa hupita kwenye koili na kapasita zilizo ndani ya sanduku kabla ya kuvifikia vipaza. Hiyo ni krosova tuli, na haihitaji umeme wake yenyewe.

Krosova amilifu hubadilisha mpangilio huo. Muziki hugawanywa ungali dhaifu, ukiwa na volti moja au mbili tu, na kila sehemu hupelekwa kwenye amplifaya yake. Amplifaya hiyo huunganishwa moja kwa moja na kipaza kimoja. Spika ya njia mbili huhitaji amplifaya mbili, na ya njia tatu huhitaji tatu. Kwa jozi ya stirio, idadi hiyo huzidishwa mara mbili.

Si kila spika yenye waya wa umeme ina mpangilio huu. Spika nyingi ndogo zinazouzwa kwa jina hilo zina amplifaya moja tu ndani, na baada yake krosova tuli ya kawaida. Vilevile, kuunganisha amplifaya mbili kwenye spika yenye vishikio vinne vya nyaya hakuifanyi kuwa amilifu iwapo koili na kapasita zake bado zimo ndani.

Tatizo la koili na joto

Spika iliyoandikwa omu 8 haina omu 8 wakati wote. Ukinzani wa wufa unaweza kupanda hadi omu 30 au zaidi katika masafa ambayo kiwambo chake huelekea kutikisika chenyewe, na huongezeka tena kadiri masafa yanavyopanda. Mbunifu wa krosova tuli huchagua koili na kapasita zake kwa kuzingatia ukinzani fulani. Ukinzani huo ukibadilika, tabia ya chekeche nayo hubadilika.

Joto huongeza tatizo. Shaba inapopata moto kwa nyuzijoto 100 zaidi, ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 39. Koili ya sauti iliyoanza na omu 6 hufikia zaidi ya omu 8 muziki unapopigwa kwa nguvu, na masafa ya kugawia huhama kutoka pale mbunifu alipoyaweka. Krosova amilifu haiupozi waya wa kipaza, na sauti ya kipaza chenye joto bado hupungua kidogo. Lakini masafa ya kugawia hayahami, kwa kuwa saketi inayoyaamua haigusani na kipaza.

Kuna pia suala la kulinganisha nguvu. Mara nyingi twita hutoa sauti kubwa kuliko wufa kwa umeme uleule. Tofauti hiyo ikiwa desibeli 6, krosova tuli hulazimika kutumia vipingamizi, na robo tatu ya nguvu ambayo twita ingepokea haigeuki kuwa sauti. Katika mpangilio amilifu, fundi hupunguza tu kiwango cha amplifaya ya twita.

Hesabu ya wati

Faida nyingine huonekana katika nguvu ya amplifaya. Chukua mfano wa muziki ambao besi yake hufikia kilele cha volti 10 na sauti nyembamba nazo volti 10. Amplifaya moja inayobeba vyote viwili lazima iweze kufika volti 20, kwa kuwa vilele hivyo hukutana. Kwenye spika ya omu 8, hizo ni wati 50 kwa nukta hiyo ya kilele.

Kazi hiyo ikigawanywa, kila amplifaya hufika volti 10 tu, sawa na wati 12.5. Amplifaya mbili za jumla ya wati 25 hufanya kazi ambayo ingehitaji amplifaya moja ya wati 50. Muziki halisi haugawanyiki kwa usawa namna hiyo, kwa hiyo nafuu hutofautiana kutoka wimbo mmoja hadi mwingine, lakini kanuni ni hiyohiyo.

Zaidi ya hayo, besi nzito inapoizidi nguvu amplifaya yake, mikwaruzo inayozaliwa huishia kwenye wufa, ambayo haitoi sauti nyembamba kwa ufanisi. Katika spika ya kawaida, mikwaruzo hiyohiyo hupenya hadi kwenye twita, na sikio huitambua mara moja.

Mchango wa wahandisi wawili

Jina linalotajwa mno katika fani hii ni Linkwitz-Riley. Siegfried Linkwitz, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 2018, na mwenzake Russ Riley walifanya kazi katika kampuni ya Hewlett-Packard jimboni California, Marekani. Mwaka 1976 Linkwitz alichapisha makala iliyoeleza tatizo linaloonekana dogo: wufa na twita hazikai mahali pamoja. Katika masafa ya kugawia, zote mbili hutoa sauti kwa wakati mmoja, na mawimbi yao yakiwa hayaendi sambamba, sauti yenye nguvu zaidi huelekea juu au chini badala ya kumwelekea msikilizaji.

Vichujio vyao huhakikisha kwamba katika masafa ya kugawia kila kipaza hutoa nusu ya shinikizo la sauti, na mawimbi yote mawili huenda sambamba. Nusu mbili hujumlishwa zikawa moja kamili. Aina inayotumika zaidi hupunguza sauti kwa desibeli 24 kila masafa yanaposhuka kwa nusu. Kwa twita iliyogawiwa kwenye hezi 2,500, hii ina maana kwamba katika hezi 1,250 hupokea takriban sehemu moja tu ya 17 ya volti zote. Kichujio sahili cha kapasita moja kingeruhusu asilimia 45 kupita. Tofauti hiyo huipunguzia twita mzigo mkubwa.

Krosova za kidijitali zimeongeza uwezo wa kuchelewesha sauti. Twita ikiwa mbele ya wufa kwa sentimita 3.4, sauti yake humfikia msikilizaji sehemu moja ya kumi ya milisekunde mapema. Muda huo ni mfupi mno, lakini katika hezi 2,500 ni sawa na robo ya wimbi zima, kiasi cha kutosha kuvuruga maelewano ya vipaza viwili. Chipu huirudisha twita nyuma kwa muda huohuo bila mtu kukata ubao.

Teknolojia hiyo imesukumwa mbali. Spika ya BeoLab 90, iliyotolewa na kampuni ya Bang & Olufsen ya Denmark mwaka 2015, ina vipaza 18 na amplifaya 18 katika kila sanduku, zenye jumla ya wati 8,200.

Hatari iliyopo

Kila faida iliyotajwa inatokana na jambo moja: hakuna kitu kati ya amplifaya na kipaza. Jambo hilohilo ndilo linaloleta hatari. Katika spika ya kawaida, kapasita ya krosova huilinda twita dhidi ya besi na dhidi ya umeme mnyoofu unaovuja kutoka kwenye amplifaya mbovu. Kapasita hiyo ikiondolewa, waya mmoja uliochomekwa pasipo pake au mshindo wa kuwasha mtambo unaweza kuiunguza twita kwa muda usiozidi sekunde chache.

Ndiyo maana wajenzi waangalifu hubakiza kapasita moja ya ulinzi mbele ya twita. Kapasita ya maikrofaradi 20 kwenye twita ya omu 8 huanza kuchuja karibu na hezi 1,000, chini ya kutosha ya masafa ya kugawia, kwa hiyo athari yake ni ndogo na inaweza kufidiwa. Utaratibu wa kuwasha nao una umuhimu: krosova hutangulia na amplifaya hufuata, wakati wa kuzima, amplifaya hutangulia. Mahali ambapo umeme hukatika na kurudi ghafla, vifaa vyote huwaka kwa pamoja bila kufuata utaratibu huo, hivyo ni busara kuzima swichi za amplifaya mara tu umeme unapokatika.

Kuzigeuza spika za zamani pia si kazi ya kung'oa koili tu. Mara nyingi krosova tuli hurekebisha kasoro za vipaza pamoja na kugawa masafa. Anayeiondoa hurithi kazi yote ya mbunifu wa awali, na huhitaji maikrofoni ya vipimo na programu ya kompyuta ili aifanye upya. Bila vipimo, matokeo yanaweza kuwa mabaya kuliko yale ya mwanzo.

Je, spika tuli zimepitwa na wakati?

Jibu ni la. Shirika la utangazaji la Uingereza, BBC, lilibuni spika za aina zote mbili kwa ajili ya studio zake. LS5/8 ilitumia krosova ya kielektroniki, na amplifaya yake ilitenga njia moja kwa besi na nyingine kwa sauti nyembamba. LS3/5A, iliyokuwa ndogo, ilitumia krosova tuli iliyobuniwa kwa uangalifu mkubwa, na hadi leo inatafutwa na wapenzi wa muziki. Krosova tuli iliyobuniwa vyema huishinda krosova amilifu iliyopangwa ovyo.

Suala la matengenezo nalo lina uzito. Spika tuli ya miaka 40 iliyopita kwa kawaida hufufuliwa kwa kubadilishiwa kapasita chache, kazi ambayo fundi wa redio wa mtaani huimudu. Spika yenye amplifaya na chipu ndani hunyamaza kabisa sehemu moja inapokufa, na pengine hutegemea vipuri na programu za mtengenezaji pekee.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, mnunuzi anapaswa kumuuliza muuzaji mambo matatu: ndani ya kila sanduku mna amplifaya ngapi, sauti hugawanywa kabla au baada ya kukuzwa, na vipuri vya amplifaya hizo vitapatikana wapi baada ya miaka kumi. Kwa anayeishi mbali na mafundi wa mtengenezaji, njia ya kati ni kuweka krosova na amplifaya nje ya sanduku. Kifaa kimoja kikiharibika, hubadilishwa peke yake, na vipaza hubaki salama.