Muziki wa Watu Weusi wa Marekani: Rekodi Ziko Wapi, na Unazitafutaje?

Tuseme unaandika tasnifu kuhusu asili ya bluzi. Umesikiliza nyimbo ishirini YouTube, unadhani uko tayari. Bado kidogo. YouTube itakupa sauti, lakini mara nyingi haikuambii nani alirekodi, wapi, na kwa sababu gani. Hiyo ni kazi ya maktaba na hifadhi za nyaraka.

Tuanzie New York. Mwaka 1926 maktaba ya umma ya jiji hilo ilipata mkusanyo wa Arturo Schomburg, mzaliwa wa Puerto Rico aliyekusanya vitabu na nyaraka za watu weusi. Leo mkusanyo huo uko Schomburg Center, Harlem. Kwa jazi, nenda Institute of Jazz Studies ya Chuo Kikuu cha Rutgers, iliyoanzishwa mwaka 1952. Nayo Library of Congress, Washington, ina rekodi za 1938 za Jelly Roll Morton akisimulia maisha yake huku akipiga piano. Pia inazo za mwandishi Zora Neale Hurston, akiimba mwenyewe nyimbo alizojifunza Florida. Hizo za Hurston, za 1939, unaweza kuzisikiliza mtandaoni bure.

Sasa, wengi hukwama kwenye kutafuta. Majina hubadilika! Mamie Smith alipouza sana "Crazy Blues" mwaka 1920, kampuni za santuri zilianza kuwatengea wanunuzi weusi orodha yao, ikaitwa "race". Jarida la Billboard liliachana na jina hilo mwaka 1949, likaweka "rhythm and blues". Katalogi za maktaba nazo zilianza na "Negroes", zikaja "Afro-Americans", kisha "African Americans". Ukiandika neno la leo tu, unaweza kukosa orodha za zamani zisizosasishwa. Dawa yake: jaribu majina yote ya kipindi unachochunguza, halafu tafuta kwa jina la msanii, mji, na namba ya santuri.

Ukishapata rekodi, jiulize nani alishika mashine. Mwaka 1933 John Lomax na mwanawe Alan walimrekodi Lead Belly akiwa mfungwa katika gereza la Angola, Louisiana. Mfungwa akiombwa kuimba na mgeni mzungu, tena ndani ya gereza, je, anaimba kile ambacho angewaimbia rafiki zake? Ukikosa kuuliza hivyo, utachukua chaguo la mkusanyaji na kuliita "utamaduni wa watu weusi". Kwa hiyo soma pia barua na maelezo yanayoambatana na rekodi.

Habari njema: kwa sheria ya Marekani, rekodi zilizotolewa kabla ya 1923 hazina tena hakimiliki tangu Januari 1, 2022. Ukiwa nje ya Marekani, angalia na sheria ya kwenu.

Ukikwama, mwandikie mkutubi barua pepe. Usimwambie "naomba habari za bluzi". Mtajie msanii, mwaka na swali lako. Kadiri swali linavyokuwa mahususi, ndivyo anavyojua kasha la kufungua.