Je, Wajua? Mazoea Madogo Yanayorudisha Furaha Masisi na Walikale

Vita havichukui nyumba na mifugo tu. Huchukua pia mazoea: kukamua alfajiri, kusalimiana na jirani, kusimuliana jioni. Furaha nayo hurudi kupitia njia hizo hizo.

Je, wajua kwamba jibini la Masisi, katika Kivu Kaskazini mashariki mwa Kongo, lile la mviringo linalojulikana hadi Goma na Kinshasa, hutokana na kazi ndogo ya kila siku? Ng'ombe wa milimani hukamuliwa, maziwa hugandishwa, jibini hugeuzwa na kuachwa likomae. Mifugo hiyo iliporwa vibaya katika vita vya miaka ya 1990, lakini wafugaji walianza upya.

Je, wajua kwamba Walikale, yenye zaidi ya kilomita za mraba 23,000, ndiyo teritwari kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini? Katika misitu yake Wanyanga walisimuliana habari za Mwindo, shujaa aliyezaliwa akitembea. Mwaka 1956 msimulizi Rureke aliisimulia hadithi hiyo kwa kuimba, kucheza na kupiga kayamba, huku wenzake wakiitikia. Watafiti Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene waliichapisha mwaka 1969.

Je, wajua kwamba tiba ya kuketi pamoja katika vikundi imepimwa? Mwaka 2013 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti uliofanywa mashariki mwa Kongo kwa wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Miezi sita baada ya tiba, dalili za sonona au wasiwasi mkubwa zilibaki kwa asilimia 9 ya waliotibiwa kwa vikundi. Kwa waliosaidiwa mmoja mmoja, zilibaki kwa asilimia 42. Vikundi hivyo viliongozwa na Wakongomani wenyewe.

Je, wajua kwamba kutoa hufurahisha? Mwaka 2008 jarida la Science lilieleza kwamba watu waliopewa fedha wazitumie kwa ajili ya wengine waliimaliza siku wakiwa na furaha zaidi kuliko waliozitumia kwa ajili yao wenyewe. Akina mama wa likelemba, yaani mchango wa zamu, wanalijua hilo: kila mmoja hutoa, kila mmoja hupokea kwa zamu yake.

Je, wajua kwamba zoea jipya huchukua wastani wa siku 66 kukaa? Ndivyo watafiti wa University College London walivyoona kwa watu 96. Wengine walihitaji siku 18 tu, wengine zaidi ya 200. Kukosa siku moja hakukuharibu kitu. Naye aliyekatizwa na safari ya ukimbizi anaweza kulianza tena.

Je, wajua kwamba Machi 20 ni Siku ya Kimataifa ya Furaha, iliyoidhinishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2012?

Mazoea haya hayawezi kuchukua nafasi ya amani; watu wa Masisi na Walikale wanastahili amani kamili. Lakini usiingoje ndipo uanze kuishi. Leo bisha hodi kwa jirani, mle bugali na sombe pamoja, na kabla ya kulala wasimulie watoto hadithi moja.